Mwacheni Mfugaji Mdogo, Tuulizane Mizani Iko Wapi

Ukihudhuria semina ya mifugo hapa mpakani, iwe Busia ya Kenya, Busia ya Uganda au Tororo mjini, utasikia hotuba ileile. Mtaalamu anasimama na kusema kwamba ufugaji wa nguruwe umebadilika, kwamba zama za nguruwe wawili waliofungwa kamba chini ya mwembe zimekwisha. Anayetaka pesa ajenge banda la saruji, alete nguruwe wa kizungu, Large White au Landrace, awalishe chakula cha kiwandani na auze kwa mkataba. Asiyeweza atafute kazi nyingine, kwa sababu yeye ndiye anayetunza homa ya nguruwe, ndiye anayetunza tegu, na ndiye anayeshusha bei ya wenzake. Watu wanapiga makofi, chai inanywewa, karatasi ya mahudhurio inatiwa sahihi, na kila mtu anarudi kwake akiamini kwamba ugonjwa wa biashara hii ni mama mmoja wa Masinya mwenye nguruwe wake watatu.

Hotuba hiyo siikubali. Inakosea historia, inakosea hesabu, na inakosea zaidi pale inapodai kutaja chanzo cha homa. Ufugaji umebadilika, hilo halina ubishi. Lakini waliobadilisha ni hao hao wadogo wanaotakiwa waondoke, na kinachowaumiza leo hakiko zizini mwao. Kiko sokoni.

Tuanze na hesabu, maana wataalamu wetu wanazipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Uganda nzima ilikuwa na nguruwe wasiofika laki mbili. Sensa ya mifugo ya mwaka 2008 ikakuta milioni 3.2, kwenye kaya zaidi ya milioni moja. Sensa ya 2021 ikakuta milioni 7.1. Nani aliwazalisha nguruwe hao? Hakukuwa na kampuni kubwa iliyotandaza mabanda kutoka Masaka hadi Tororo. Waliofanya kazi hiyo ni kaya zenye nguruwe wawili, watatu, watano, wengi wao wakifugwa na akina mama kwa maganda ya muhogo, majani ya viazi vitamu na machicha ya pombe. Uganda sasa ndiyo inayoongoza Afrika Mashariki kwa kula nyama ya nguruwe, na nyama hiyo ilitoka uani mwa watu.

Ng'ambo ya pili, Kenya ilifuata njia inayosifiwa kwenye semina. Ilirithi kiwanda cha Uplands kule Lari, kilichojengwa enzi za walowezi na kufungwa miaka ya 1980. Ikapata Farmer's Choice mwaka 1980, kampuni yenye mabanda yake, machinjio yake na soseji zake kwenye kila duka kubwa la Nairobi. Ilikuwa na sheria ya nguruwe na leseni ya nguruwe. Sensa ya 2009 ilipopita, Kenya ilihesabu nguruwe laki tatu na kitu. Sensa ya 2019 ilipopita, hawakufika nusu milioni. Sisemi kwamba kiwanda ndicho kilichowazuia. Kenya ina ng'ombe wengi, ina mbuzi, ina watu wasiogusa nyama hiyo kwa sababu za dini. Lakini mtu anayeniambia kwamba bila mwekezaji mkubwa ufugaji haukui, naomba aziweke hesabu hizi mbili kwenye karatasi moja na anieleze.

Sasa twende Masinya, kaunti ndogo katika wilaya ya Busia ya Uganda, nchi ya Wasamia, ambako ukienda harusini upande wa Kenya huhisi kwamba umevuka nchi. Nguruwe wa huko anaishi kwa kalenda ya shamba. Msimu wa kupanda ukifika anafungwa kamba mguuni, kamba inafungwa kwenye kigingi, na atakaa hapo mpaka mahindi na mtama vitoke shambani. Akiharibu muhogo wa jirani ni kesi kwa mzee wa kijiji. Mavuno yakiisha anafunguliwa, anatafuta mwenyewe. Upande wa Kenya watafiti waliwahi kuwavisha nguruwe kumi vifaa vya kufuatilia mwendo kwa setilaiti, na matokeo yalichapishwa mwaka 2013: kwa saa kumi na mbili nguruwe alitembea zaidi ya kilomita nne kwa wastani, na karibu nusu ya muda wake aliupitisha nje ya boma la mwenyewe. Wataalamu wanaupenda sana utafiti huo. Mimi pia naupenda, ila naona jambo tofauti ndani yake: mnyama huyo anajitafutia chakula ambacho mwenye kumfuga hana hela ya kununua.

Ndiyo, anakua polepole. Walipopimwa, nguruwe wa Busia na Kakamega waliongeza gramu mia na ushei kwa siku, wakati nguruwe wa kizungu aliyeshiba vizuri anaongeza mia sita na zaidi. Hapa ndipo mtaalamu anaponyanyua kalamu kwa ushindi. Ngoja kidogo. Nguruwe huyo wa kizungu anakula nini? Anakula mahindi, soya na dagaa, vitu ambavyo binadamu wa Busia pia anavinunua, na chakula hicho kinameza theluthi mbili ya gharama yote ya kumfuga. Bei ya mahindi ikipanda, mnyama hapunguzi kula. Mnunuzi akichelewa wiki mbili, mnyama hapunguzi kula. Nguruwe wa maganda akichelewa kuuzwa mwezi mzima, amemgharimu mwenyewe kamba na mate ya kumfukuza kwenye muhogo. Kasi ya kukua ni hesabu ya mwenye kiwanda. Mwenye boma anauliza swali jingine: nikikwama leo nitapoteza kiasi gani? Na kwa swali hilo, nguruwe wa kienyeji si mjinga hata kidogo.

Anapopunjwa mfugaji huyu ni siku ya kuuza. Dalali anafika kwa pikipiki, mara nyingi asubuhi, mara nyingi wiki ambayo shule zinafungua. Anamzunguka mnyama. Anabonyeza mgongo kwa kiganja, anashika paja. Anaomba kijiti, wanamlaza nguruwe chini, kijiti kinaingizwa mdomoni, ulimi unavutwa nje na kukaguliwa kwa kidole kama una vipele vya tegu. Nguruwe anapiga kelele mpaka watoto wanakuja kutazama. Kisha dalali anasimama, anapangusa mikono kwenye suruali na kusema, "Mama, huyu ni mifupa." Anataja bei. Mama anataja yake. Wanakutana mahali fulani, karibu zaidi na pale alipoanzia dalali, kwa sababu dalali amenunua nguruwe ishirini mwezi huu na mama ameuza mmoja mwaka huu. Kilo hazikutajwa popote kwenye mazungumzo hayo. Hakuna aliyezijua, au tuseme mmoja alizikadiria vizuri na mwingine hakuweza.

Mnyama huyohuyo akifika buchani anapimwa kwa kilo. Akifika kwenye kibanda cha nyama choma anauzwa kwa kilo, na mlevi wa saa nne usiku atagombana na mchomaji kwa robo iliyopungua. Katika safari nzima ya nguruwe, mtu pekee anayeuza bila mizani ni yule aliyemlisha.

Na si kwamba dawa haijulikani. Mwaka 2011 watafiti waliofanya kazi Busia na Kakamega walionesha kwamba ukimpima nguruwe urefu wake na mzunguko wa kifua kwa utepe, unaweza kukadiria uzito wake vizuri. Utepe wenyewe ni ule wa fundi cherehani. Kuna miradi mingapi tangu hapo imegawa madume ya kizungu, na mingapi imegawa utepe? Dume la kizungu linapigwa picha vizuri likikabidhiwa na mheshimiwa.

Watasema: sawa, bei ni jambo moja, lakini homa je? Ukweli ni kwamba homa ya nguruwe ya Afrika haina mchezo. Haimwambukizi binadamu, lakini ikiingia kijijini inaweza kufagia karibu nguruwe wote kwa wiki chache. Haina tiba, na chanjo za karibuni zilizoruhusiwa Vietnam hazijawa kitu ambacho mfugaji wa Tororo anaweza kukiomba dukani. Hapo ndipo hotuba inapofikia kilele chake: mwondoeni mdogo, homa itaondoka naye.

Homa hii iliingia kwenye vitabu vya sayansi kutokea Kenya. Aliyeielezea ni daktari wa mifugo wa serikali ya kikoloni, Eustace Montgomery, kwenye maandishi yake ya mwaka 1921, baada ya kuichunguza kwa miaka kadhaa. Waliokuwa wakifa ni nguruwe wa walowezi, mbegu za Ulaya zilizoletwa kwa meli, kwenye mashamba makubwa. Walikufa karibu wote. Montgomery aligundua kwamba ngiri anaishi na virusi hivyo bila kuugua, na akashauri uzio. Kwa hiyo mbegu bora haikuwa kinga hata siku ya kwanza. Uzio ndio uliokuwa kinga, na mimi sina ugomvi na uzio. Nina ugomvi na wanaodhani kwamba miaka mia moja baadaye, kwenye mpaka uliojaa watu, ambako ngiri utamwona kwenye hifadhi tu, homa bado inasafiri kwa miguu ya mnyama wa porini.

Hapa kwetu inasafiri kwa pikipiki. Virusi vya milipuko ya 2006 na 2007 vilipochunguzwa, vya Kenya na vya Uganda vilikutwa ni vya kundi moja, kundi la tisa. Baadaye watafiti wakakuta virusi kwenye nyama ya nguruwe wa mpakani ambao kwa macho walikuwa wazima kabisa. Mnyama anauzwa mzima, anavuka mzima, anachinjwa mzima, na damu yake inaoshwa mtaroni. Wala usidhani anapita kwenye kile kituo cha pamoja cha forodha cha Busia ambacho Museveni na Uhuru Kenyatta walikifungua Februari 2018. Pale yanapita malori. Nguruwe anapita njia ya panya, juu ya kiti cha boda boda, na Busia hapa ndipo boda boda ilipozaliwa kwa kazi ya kuvusha vitu na watu. Anafuata shilingi. Nguruwe wa Uganda akiwa rahisi anakwenda Kenya, na akiwa ghali anabaki kwao.

Sasa fikiria siku ya homa yenyewe. Jirani amepoteza wawili usiku. Kabla ya saa sita mchana madalali wote wanajua, kwa sababu wana simu, na bei imeshuka nusu. Wewe una watano, bado wanakula, ingawa mmoja masikio yamegeuka mekundu. Una njia mbili. Unaweza kumpigia daktari wa mifugo. Akija atafanya kazi yake vizuri: atachukua damu, ataandika ripoti, karantini itatangazwa, hakuna nguruwe kuingia wala kutoka. Wako watano watakufa bomani na utawazika kwa jembe lako. Fidia hutaiona. Au unaweza kunyamaza na kumpa dalali wote watano kwa nusu bei kabla ya jua kuzama.

Ningependa kusikia mtaalamu akijibu angefanyaje yeye, na karo ya mtoto mezani. Watafiti waliochunguza wilaya nne za mpaka huu, Busia na Tororo za Uganda, Busia na Teso za Kenya, hawakuacha shaka kwamba biashara yenyewe ni mlango wa homa. Lakini semina huchukua matokeo hayo na kuyageuza kuwa tabia mbaya ya mkulima. Tabia! Mtu anayeuza mali inayokaribia kuoza ana akili timamu. Aliyepanga kwamba kusema ukweli kulipe hasara na kunyamaza kulipe nusu bei ndiye wa kuulizwa, na huyo si mfugaji. Karantini isiyo na malipo ni tangazo la mnada.

Dalali mwenyewe nisimpake tope zaidi ya anavyostahili. Yeye ndiye benki, ndiye usafiri na ndiye habari ya bei, kwa watu ambao hakuna mwingine aliyejitolea kuwapa hata kimoja kati ya hivyo. Analipa taslimu siku hiyohiyo. Kiwanda kinalipa kwa hundi, baadaye, kikikupenda. Tatizo la dalali ni kwamba yuko peke yake, na mtu aliye peke yake sokoni hupanga bei anavyotaka, awe na pikipiki au awe na ghorofa.

Kuhusu tegu nitakwenda haraka kwa sababu hoja yake ni fupi na ya aibu. Uchunguzi wa machinjio ya magharibi mwa Kenya uliochapishwa 2016 ulikuta dalili za tegu kwenye damu ya zaidi ya theluthi moja ya nguruwe, ingawa kipimo chenyewe kinaweza kuchanganya tegu huyu na ndugu yake. Ni tatizo kubwa. Mabuu yakiingia ubongoni mwa mtu yanaleta kifafa, na vijijini kwetu kifafa bado kinaitiwa mganga. Lakini nguruwe anapataje tegu? Kwa kula kinyesi cha binadamu. Mnyama amekutwa na kosa la choo ambacho hakikuchimbwa. Funga nguruwe wote wa Busia ndani ya saruji uache vichaka jinsi vilivyo, na mayai ya tegu yataendelea kuingia kwenye maji na kwenye mboga za watu.

Turudi kwa wakubwa, maana tunaambiwa wao ndio kimbilio. China ilivamiwa na homa hiihii Agosti 2018 na kwa mwaka mmoja ilipoteza zaidi ya theluthi ya nguruwe wake, wa mabanda madogo na wa makampuni pia. Baada ya hapo wakubwa wakapewa uwanja. Mjini Ezhou likajengwa jengo la ghorofa 26 la kufugia nguruwe. Matokeo? Mwaka 2021 nyama ilijaa, bei ikaporomoka, na makampuni yaliyokopa ili kupanuka yakaanza kuhemea mlangoni pa wadai. Marekani ilishatangulia. Mwaka 1980 ilikuwa na mashamba ya nguruwe zaidi ya laki sita. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 hayakuzidi laki moja, yote yakielekea kwa mikataba na wachinjaji wachache. Desemba 1998 machinjio yalijaa kupita uwezo, na bei ya nguruwe hai ikaanguka hadi kiwango ambacho wafugaji hawakukiona tangu Mdororo Mkuu. Nyama dukani haikushuka hivyo. Aliyekuwa na mkataba alipona kidogo, aliyekuwa huru alifilisika, na mwaka uliofuata walio huru walikuwa wachache zaidi. Huo ndio mwisho wa njia tunayooneshwa. Sikatai kwamba nyama yao ni nyingi. Nauliza ni nani aliyebaki na mali.

Kwetu ukubwa unakuja kwa mtindo wake. Rais Museveni ameweka ufugaji wa nguruwe kwenye orodha yake ya shughuli saba za kuingiza kaya kwenye uchumi wa pesa, na tangu 2022 mpango wa maendeleo ya parokia unamkopesha mwanachama shilingi milioni moja ya Uganda. Ni pesa halali na nawapongeza walioipata. Lakini ukiwapa watu wa parokia moja pesa mwezi mmoja, watanunua vitoto vya nguruwe mwezi mmoja, kwa bei iliyopandishwa na wao wenyewe, kutoka popote vinakopatikana, na homa ikiwa ndani ya mmoja wao itagawanywa kwa usawa. Miezi minane baadaye wote wanauza. Kwa nani? Kwa dalali yuleyule wa pikipiki, ambaye safari hii hana haja hata ya kutaja mifupa. Serikali iliongeza nguruwe. Mnunuzi haikumwongeza.

Watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, waliofanya hesabu ya nguruwe wa Uganda, utafiti uliotoka mwaka 2018, walikuta jambo ambalo lingetakiwa kubandikwa kwenye kila ofisi ya mifugo. Mfugaji akifuata kanuni zote za usafi na uzio peke yake, homa inapungua lakini faida yake pia inapungua, kwa sababu gharama ni yake na bei haibadiliki. Kanuni hizo zinaanza kumlipa pale zinapofungwa pamoja na soko lililopangwa, ambapo wafugaji wanauza kwa umoja. Banda linafuata soko. Semina zetu zinataka soko lifuate banda.

Kuna waliowahi kukwama kama sisi, tena kwa sababu ya mpaka. Mwaka 1887 Ujerumani ilifunga mlango kwa nguruwe hai wa Denmark. Wadenmark walikuwa wakulima wadogo wa kijijini waliozoea kuvusha wanyama. Mwaka huohuo, mjini Horsens, wakaungana na kuanzisha machinjio yao wenyewe, wakaacha kuvusha mnyama na kuanza kuuza nyama Uingereza. Hakuna aliyewaambia kwanza wawe wakubwa. Walianza na machinjio, na kwa sababu machinjio yalilipa kulingana na ubora, mabanda yakawa bora yenyewe. Najua kwamba leo Denmark ina mashamba makubwa machache na ushirika wao umekuwa jitu. Lakini hilo lilichukua karne moja, na waliokuwa wakiuza mashamba walikuwa na kitu cha kuuza.

Hatuna haja hata ya kwenda mbali hivyo. Kampala, kule Nalukolongo, machinjio ya Wambizzi ni ya ushirika wa wafugaji wa nguruwe. Yana mapungufu yake, lakini yapo, na yana mizani.

Najua jibu la mzee wa Samia: ushirika? Baada ya pamba? Vinu vya pamba vya Mulwanda na Nambale vilifanyiwa nini? Ni swali la haki, na mtu aliyepeleka pamba kwa mkopo akasubiri malipo mpaka nywele zikageuka rangi hawezi kuambiwa asahau. Ila pamba ilikuwa na mnunuzi mmoja, bei iliyopangwa mbali na safari ndefu mpaka Ulaya. Nguruwe analiwa hapahapa. Jumamosi jioni Busia, Malaba na Tororo hazijawahi kukosa mtu wa kununua kilo moja. Ushirika wa kuchinja nguruwe kumi kwa wiki na kugawana pesa siku hiyohiyo si ule wa kusubiri meli ya Mombasa. Anayetaka kuiba atalazimika kuiba mbele ya watu walioona mizani.

Basi mahitaji yangu ni ya chini kuliko saruji. Kila soko la mifugo la mpaka huu liwe na mizani ya wanyama wadogo, na nguruwe asinunuliwe pale kwa jicho. Kuwe na sehemu ndogo za kuchinjia zenye maji, shimo na mkaguzi, upande wa Masinya na upande wa pili, ili mnyama asafiri akiwa nyama iliyokaguliwa na asisafiri akiwa na virusi juu ya pikipiki. Na anayetoa taarifa ya kifo cha kwanza alipwe: si bei nzima ya soko, bali zaidi ya ile nusu anayoitoa dalali. Ukizidi dalali kwa kiasi kidogo tu umenunua ukweli, na ukweli wa siku ya kwanza ni rahisi kuliko karantini ya miezi mitatu. Malipo hayo lazima yalingane pande zote mbili, maana Busia ya Kenya ikilipa na Busia ya Uganda isilipe, maiti za nguruwe zitavuka mto usiku kufuata fidia. Tunajuana.

Nitaulizwa pesa zitoke wapi. Pesa zipo. Kila nguruwe anayeshushwa sokoni anakatwa ushuru, upande huu na ule, na aliyemleta anapewa karatasi. Makaratasi hayo yana miaka mingi. Serikali ya kaunti ya Busia na halmashauri za wilaya za Busia na Tororo zitoe hadharani hesabu ya ushuru wa nguruwe wa mwaka uliopita, zioneshe ni shilingi ngapi kati ya hizo zilirudi sokoni kama maji, kama mkaguzi, kama chuma cha kupimia. Wafugaji wazidai hesabu hizo kabla ya bajeti ijayo kusomwa, na wakienda kuzidai waende na madalali, kwa sababu ushuru huo nao wanaulipa.